Maabara ya Wandegeya na karatasi tatu za damu ya Sauda

Ukitoka Bombo kwa taksi na kushukia Wandegeya, hapa Kampala, Uganda, kabla hujafika kwenye taa za njia panda, kuna jengo la ghorofa lenye duka la dawa chini na maabara juu, ghorofa ya pili. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano mwaka huu nimepanda ngazi zake mara tatu na binti yangu Sauda, mwenye miaka 11, aliyeugua homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kooni na kuishia moyoni. Jina la maabara nimeliacha makusudi. Nina sifa zao na nina lawama, na lawama nimeshawaambia wenyewe ana kwa ana. Ninachotaka kuwaeleza wazazi wenzangu ni huduma yenyewe: vipimo gani vya damu nililipia, kila kimoja kiliniambia nini, na wapi kingeniacha gizani kama nisingepata mtu wa kunisomea.

Mimi ni mshonaji hapa Bombo. Baba alikuwa askari, nimekulia kota za jeshi, na Kiswahili ndicho nilichoamkia. Nalitaja hilo kwa sababu karatasi za majibu huja kwa Kiingereza kitupu, namba upande huu, mabano upande ule, na mama anayeshona sare za shule hawezi kukisia kwamba namba ndogo si lazima iwe habari njema.

Mambo yalianza Februari, shule zilipofunguliwa. Sauda aliumwa koo siku tatu au nne. Nikampa Panadol na maji ya ndimu yenye asali, koo likapoa, akarudi darasani. Baada ya wiki tatu hivi akaamka goti la kulia limevimba na lina moto. Siku mbili baadaye goti likapoa lenyewe, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Kliniki moja ilimtibu malaria, halafu ikamtibu taifodi kwa kipimo cha Widal, na kila jioni homa ikarudi. Aliyetufumbua macho ni jirani yetu, Hajati, nesi mstaafu wa jeshi. Alimwekea stetoskopu kifuani, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akasema, "Mama Sauda, maumivu yanayohama kiungo hata kiungo kwa mtoto wa umri huu usiyaite malaria. Kesho asubuhi muwe Kampala." Akachana ukurasa wa daftari, akaandika vitu vitatu: ASO, CRP, ESR. Chini yake akaandika neno moja na kulipigia mstari mara mbili: eko, yaani picha ya moyo ya mashine.

Nianze na lawama ya ngazi. Maabara inayopokea wagonjwa wa moyo isiwekwe ghorofa ya pili kwenye jengo lisilo na lifti. Siku ya kwanza Sauda alipanda hadi kwenye kona ya ngazi, akakaa chini, akashika mbavu na kuhema kama aliyekimbia kutoka Matugga. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa akiwashinda kaka zake mbio. Nilisimama pale sijui nimbebe au nipige kelele. Kijana wa maabara aliyekuwa akishuka kununua chai akatukuta. Hakuuliza tumelipia au la. Alirudi juu, akaja na trei yake, akapiga magoti kwenye ngazi, akamfunga Sauda mpira mkononi na kumtoa damu palepale, huku akimpigia hadithi ya samaki wa mto Nile ili asiangalie sindano. Mshipa aliupata kwa mchomo mmoja. Kwa hilo pekee ningewapa alama zote.

Yule kijana ni wa Arua, Kiswahili chake kizuri, na ana subira ambayo sijaikuta kwa musawo mwingine. (Huku kila mwenye koti jeupe tunamwita musawo, awe daktari, nesi au mtu wa maabara.) Sauda alipopata nguvu ya kupanda, alitukalisha kwenye benchi na kunieleza anachopima kabla ya kukipima.

ASO, alisema, ni nyayo. Kijidudu cha koo kinachoitwa streptokokasi wa kundi A kinatoa sumu, streptolisini O, na mwili unatengeneza kingamwili za kuipinga. Kipimo kinahesabu kingamwili hizo. Kwa nini wasimtafute kijidudu mwenyewe kooni? Kwa sababu viungo vinapovimba, wiki mbili tatu zimeshapita, na mara nyingi mwenyewe ameshaondoka. Kingamwili zinaanza kupanda baada ya wiki moja hivi na kufika kileleni kati ya wiki ya tatu na ya sita. Ya Sauda ilisoma 640, na mabano yalisema chini ya 200. Nikashika kichwa. Kijana akaniwahi: "Mama, hiyo 200 ni ya watu wazima. Watoto wa shule hupata koo mara kwa mara, namba zao huwa juu hata wakiwa wazima. Hii inasema amekutana na kijidudu. Haisemi moyo umeguswa." Akaongeza jambo ambalo kliniki nyingi hazilisemi: wapo watoto wenye homa hii hasa ambao ASO yao haipandi. Kwa hao kuna kipimo kingine, anti-DNase B, kinachopanda baadaye kidogo na kukaa juu kwa muda mrefu zaidi, na ukiviweka viwili pamoja ni wachache wanaoponyoka. Wao hawakuwa nacho siku ile. Walisema sampuli hupelekwa maabara nyingine na majibu huchukua siku kadhaa. Ningependa wakiweke.

ESR nilikiona kwa macho. Damu inatiwa kwenye kijirija chembamba cha kioo, kinasimamishwa kwenye kibao, wanasubiri saa moja na kupima chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwilini kukiwa na uvimbe, chembe hushikana na kuzama upesi. Za Sauda zilishuka milimita 92. Alituruhusu tuisimamie saa nzima. Sauda alikula gurusa tuliyobeba kutoka nyumbani, mimi nikatazama ule mstari mwekundu ukishuka na maji ya manjano yakibaki juu, nikajikuta naomba dua ya kusimamisha damu ndani ya kioo.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Inapanda ndani ya saa chache mwili ukishambuliwa, na inashuka upesi mambo yakitulia. Ilikuwa 71. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba madaktari wana kanuni zinazoitwa za Jones, zilizoandikwa mara ya kwanza mwaka 1944 na kusahihishwa mara kadhaa, ya karibuni ikiwa 2015, na kwamba kwa nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi ESR ya kuanzia 30, au CRP ya kuanzia miligramu 30 kwa lita, inahesabiwa kuwa dalili ndogo. Ndogo, kwa sababu malaria nayo inaipandisha CRP, nimonia nayo, jipu nalo. Dalili kubwa ni nyingine: moyo wenyewe kuguswa, viungo kuvimba kwa kuhama, mwili kuchezacheza bila hiari, vipele vya duara, na vinundu chini ya ngozi. Damu peke yake haimhukumu mtu. Hakuna mpaka leo kipimo kimoja cha damu kinachosema "ndiyo, hii ni homa ya baridi yabisi".

Ndipo inakuja lawama yangu ya pili, na hii imenigusa mfukoni. Nilikwenda na ukurasa wa Hajati wenye vipimo vitatu: ASO Sh 30,000, CRP Sh 35,000, ESR Sh 10,000. Mapokezi wakaniongezea cha nne, RF, Sh 25,000, kwa maelezo kwamba "hicho ndicho cha baridi yabisi chenyewe". Nikalipa. Mtoto akiumwa unalipa. Kumbe RF ni ya ugonjwa mwingine kabisa wa viungo, ule unaokunja vidole vya watu wazima. Majina yanafanana, ugonjwa haufanani, na jibu lake, liwe juu au chini, halina la kusema kuhusu vali za moyo wa Sauda, ile milango inayopitisha damu. Sidhani yule dada alikusudia kuniibia. Nafikiri naye anaamini hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ni akina mama wangapi wamepita pale wakilipia jina? Mara ya pili nilikataa. Wakanitajia kitu kingine, "paneli ya moyo", Sh 180,000, yenye lehemu (mafuta ya kwenye damu) na troponini ndani yake. Lehemu kwa mtoto wa darasa la tano anayekula posho na maharage! Nilimpigia Hajati simu nikiwa palepale kwenye kaunta. Akaniambia troponini hutoka misuli ya moyo inapokufa, kama kwa mzee aliyeshikwa na mshtuko wa moyo. Ugonjwa wa Sauda kazi yake kubwa ni kwenye vali, na kwa watoto hawa troponini mara nyingi haipandi hata vali ikiwa inavuja. Nilifunga mkoba.

Nilipomweleza yule kijana wa Arua habari ya RF, aliinamisha kichwa. Aliahidi kuzungumza na wenzake. Safari ya tatu nilikuta kwenye ukuta wa mapokezi wamebandika karatasi yenye maandishi ya mkono: RF hakipimi homa ya baridi yabisi ya watoto. Nimewasifu kwa hilo mbele ya foleni nzima.

Sasa eko. Haikufanyika pale maabara, tulikwenda kliniki ya moyo ya watoto siku ya pili, Sh 150,000. Nieleze kidogo kwa ambaye hajaiona. Mtoto analala ubavu wa kushoto, anapakwa mafuta ya baridi kifuani, daktari anapitisha kitu kama pasi ndogo, na kwenye skrini moyo unaonekana ukifungua na kufunga. Haichomi, haina mionzi. Sauda, aliyekuwa akitetemeka, aliona moyo wake mwenyewe na kusahau kuogopa.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza kazi yangu. Nikasema cherehani. Akasogeza kiti changu karibu na skrini. "Basi wewe utaiona vizuri kuliko wengi," akasema. Vali ya mitrali, mlango wa upande wa kushoto wa moyo, ina vipande viwili vyembamba kama hariri, vimeshikwa kwa nyuzi zinazoshuka hadi kwenye misuli. Vinatakiwa kukutana ukingo kwa ukingo kila moyo unapobana. Kwa Sauda, ukingo wa kipande cha mbele ulikuwa umenenepa kidogo, na vipande havikufungana. Alipobonyeza rangi, nikaona mwale wa buluu ukirudi nyuma, kutoka chumba cha chini kwenda cha juu, kila pigo. Damu ilikuwa inavujia ilikotoka. Ndiyo iliyomkalisha kwenye ngazi.

Nilielewa mara moja, na kuelewa kuliniuma. Nimeona kitambaa kilichoguswa na pasi ya moto kupita kiasi: hakitoboki, kinajikunja pindo, kinakuwa kigumu, na hata ukikinyoosha vipi hakilali tena sawa na mwenzake. Akaniambia kila shambulio jipya huongeza kovu. Vipande hunenepa, nyuzi hufupika na kushikana, na miaka ikipita mlango uliokuwa unavuja unaweza pia kukaza usifunguke. Hapo mtu ndipo anapohitaji upasuaji. Ofisi ya kusubiri ilikuwa na msichana wa miaka ishirini na kitu, mjamzito, miguu imevimba, ambaye hakuwahi kujua kwamba utotoni aliugua chochote zaidi ya koo.

Nikamuuliza swali la mtu asiye na kisomo cha tiba: koo na moyo wapi na wapi? Akanieleza kwa lugha ya kota. Juu ya ganda la kijidudu kuna protini iitwayo M, na sehemu zake zinafanana na protini za moyo. Jeshi la mwili likishajifunza sura ya adui, linakutana na sura hiyo kwenye vali na kufyatua. "Askari wamepiga wenzao gizani," alisema. Baba yangu alikuwa na kovu la namna hiyo begani. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Sauda akaanzishiwa dawa ya viungo, na akachomwa sindano ya kwanza ya benzathini penisilini. Itarudiwa kila wiki nne. Sindano 13 kwa mwaka, kwa angalau miaka 10, pengine zaidi ikitegemea vali itakavyokuwa. Nilipiga hesabu ndani ya taksi na kuacha njiani.

Karatasi ya pili, wiki mbili baadaye, ilikuwa na maana: ASO 820, yaani ilikuwa bado inapanda, na kupanda huko kunathibitisha kuliko namba moja iliyosimama peke yake. CRP 12, ESR 58. Viungo vilikuwa vimetulia kabisa. ESR, kijana alinieleza, huchelewa kushuka, isinitishe.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Ilikuwa wiki ya saba. CRP chini ya 5, ESR 14. Zote ndani ya mabano. Sauda anajua Kiingereza kuliko mimi, alinisomea ndani ya taksi kwa sauti, abiria wanasikia, na alipomaliza mwanamke wa kiti cha mbele akapiga kigelegele. Nami nililia kwa furaha. Tulinunua nanasi zima pale Matugga. Siku tatu baadaye ilikuwa zamu ya sindano, na mtoto akaniwekea karatasi kwenye cherehani. "Mama, imeandikwa nimepona. Kwa nini nichomwe tena?"

Na mimi, mama yake, niliyeuona mwale wa buluu kwa macho yangu, nikasita. Ile sindano inauma. Poda inachanganywa na maji inakuwa nzito kama uji, inaingia polepole, na mtoto anachechemea hadi kesho yake. Nikasema basi, tungoje wiki moja. Nilikuwa nimeshaikunja karatasi na kuitia kwenye kopo la vifungo Hajati alipoingia kuchukua gauni lake.

Sijawahi kumwona Hajati amekasirika. Aliikunjua ile karatasi, akaiweka mezani. Aliniambia CRP na ESR zinaonyesha moto kama unawaka au umezimika. Umezimika, alhamdulillahi. Lakini ukuta ulioungua haurudi mpya kwa sababu moshi umeisha, na hakuna namba hata moja kwenye karatasi ile iliyoiangalia vali. Hata kile kipimo wanachokiita BNP, kinachopanda kuta za moyo zikivutwa na mzigo, kinasaidia kumjua mgonjwa ambaye moyo wake umeshaelemewa, na mtoto mwenye uvujaji mdogo anaweza kuwa nacho sawa kabisa. Kisha akasema sindano haiponyi kilichopita. Inalinda koo lijalo. Koo moja tu bila kinga na jeshi linafyatua upya, mahali palepale penye kovu.

Sauda alichomwa siku ileile. Wiki iliyofuata eko ya pili ikaonyesha mwale uko palepale, umepungua kidogo pengine, daktari hakutaka kunipa ahadi. Damu nzuri, vali yenye kovu, mtoto mmoja, wiki moja. Alichonipa ni tumaini lenye masharti: uvujaji mdogo kama huu, kinga isipokatika, kwa watoto wengi hupungua na miaka, na wapo ambao huisha.

Nilimuuliza kama kuna ushahidi kwamba sindano zinasaidia au ni desturi tu. Akaniambia jambo lililofanyika hapahapa Uganda, upande wa Gulu. Watafiti, wakiwemo daktari Andrea Beaton wa Marekani na daktari wetu Emmy Okello, waliwapima watoto 102,200 kwa eko, wakitafuta wale wenye vali zilizoanza kuharibika bila wenyewe kujua. Watoto 916 wakagawanywa, nusu wakachomwa benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo, yaliyohesabu 818 kati yao, yalichapishwa mwishoni mwa 2021: waliochomwa, watatu tu ndio vali zao zilizidi kuharibika, asilimia 0.8. Wasiochomwa walikuwa 33, asilimia 8.2. Watoto wale hawakuwa sawasawa na Sauda, alinitahadharisha, wao ugonjwa wao ulikuwa umejificha na wa Sauda umejionyesha wazi, na kwa mtoto aliyekwisha kuugua sindano ilikuwa inajulikana kuwa lazima tangu zamani. Lakini mimi nilibaki nikifikiria jambo jingine. Waliwalaza watoto laki moja mmoja mmoja na kuwapitishia mashine kifuani. Kama tone la damu lingeweza kusema vali ipi ina kovu, nani angejipa kazi hiyo?

Kwa hiyo hukumu yangu ya maabara ya Wandegeya ni hii. Kwa usafi, kwa mkono mwepesi, kwa majibu siku hiyohiyo kabla ya saa tisa mchana, na kwa yule kijana, sijaona mfano. Kwa mapokezi kuuza vipimo ambavyo daktari hakuviandika, nawatoza alama mbili, na moja nimewarudishia kwa ile karatasi ya ukutani. Kama mtoto wako ana viungo vinavyohama na homa, nenda kwao na ASO, CRP na ESR, uvirudie mara moja baada ya wiki mbili tatu kuona vinaelekea wapi. Ukiambiwa uje kupima ASO kila mwezi, mimi nisingekwenda, kwani inaweza kukaa juu miezi na isikwambie kitu. Sh 30,000 hizo zitie kwenye kopo la eko. Mimi ningeuza hata mashine ya kudarizi kuliko kuikosa ile eko ya kwanza. Wasio na uwezo wa kliniki za kulipia waulize Taasisi ya Moyo ya Uganda, iko Mulago, mwendo wa boda kutoka hapohapo Wandegeya, na upasuaji wa moyo hufanyika huko.

Kuhusu sindano, mawili tuliyofundishwa na yamemsaidia Sauda: chupa ishikwe mkononi mpaka ipoteze baridi, na musawo akandamize kwa kidole gumba mahali pa kuchoma kabla ya kuchoma, kisha asukume dawa taratibu bila haraka. Anaumia bado. Sasa analia kidogo, halafu anaandika tarehe nyuma ya mlango kwa chaki ya kushonea. Ziko nne.

Maabara inafunguliwa saa moja asubuhi, Jumapili wanafunga. Fika mapema, foleni ya wanafunzi wa Makerere huanza saa tatu. Na kama mtoto wako anahema, usimpandishe ngazi. Mkalishe kwenye benchi la duka la dawa pale chini, mwambie dada wa dukani apige simu juu kwa mtu wa maabara, atashuka na trei yake.